Kadi ya Mtoto Asiye na Jina

Sajenti Agnela alikuwa amefua kitambaa cha kwanza mara tatu na rangi ya bluu ilikuwa bado haijatoka. Alikikamua, akakianika kwenye waya nyuma ya kituo, akatazama saa na kuandika kwenye daftari: *Saa 3:10. Sabuni ya mche, maji ya bomba. Bado bluu.* Kisha akainama kuchukua cha pili.

Vitambaa vilikuwa nepi mpya za pamba, alizozipulizia dawa mwenyewe. Pembeni ya beseni lilisimama kopo la dawa ya mifugo, ile ya bluu ya kupuliza, ambayo wafugaji huwawekea ndama kwenye vidonda na wengine huwapulizia hata machoni. Lilikuwa kielelezo namba moja. Jana usiku lilikutwa kwenye mkoba wa bibi mmoja aitwaye Naisula, na kwa ajili ya kopo hilo bibi alikuwa mahabusu, akituhumiwa kumtia mjukuu wake mchanga sumu machoni.

"Afande," alisema Koplo Hans kutoka mlangoni, kikombe cha chai mkononi, "nikuletee na mashuka yangu?"

"Lete. Ila kwanza nioneshe mkono wako."

"Mkono wa nini tena?"

"Wa kulia. Uliokuwa mfukoni tangu asubuhi."

Hans alicheka, akautoa. Kidole gumba na cha shahada vilikuwa bluu mpaka kwenye kucha.

"Ulilijaribu kopo," alisema Agnela.

"Kidogo tu. Nilitaka kuona kama linatoa kitu."

"Jana saa ngapi?"

"Tulipomkamata bibi. Saa mbili usiku hivi. Nimesugua kwa sabuni, nimesugua kwa mafuta ya taa, mama watoto kanicheka mpaka kalala."

Agnela alijifuta maji mikononi. Alitoa simu na kufungua picha iliyopigwa wodini jana saa moja jioni, saa moja na nusu baada ya mtoto kudhurika. Mtoto wa miezi miwili na nusu, uso umevimba hadi macho hayaonekani, midomo minene, mabaka mekundu kutoka mashavuni hadi shingoni.

"Nioneshe bluu iko wapi."

Hans aliitazama picha. Akaivuta ikawa kubwa. Akaipeleka kushoto, akaipeleka kulia.

"Labda walimwosha."

Agnela alielekeza kidevu kwenye waya, nepi ikidondosha maji ya bluu. Shuka alilokuja nalo mtoto hospitali, na nguo za bibi, vyote alikuwa amevikagua asubuhi dirishani kwenye mwanga. Vilikuwa na maziwa na tongotongo. Havikuwa na tone la bluu.

"Basi kaweka kitu kingine," alisema Hans. Sauti ilikuwa imeshuka. "Afande, yule bibi ana mambo. Mkobani kulikuwa na kifurushi cha kitambaa, kimefungwa fundo. Nywele, afande. Nywele za mtoto. Nani anatembea na nywele za mtoto?"

Agnela alifungua hati ya vitu vilivyokamatwa. Mwandiko ulikuwa wa Hans. *Kopo la dawa ya mifugo, moja. Ugoro, kifuko kimoja. Kifurushi cha kitambaa chenye nywele na karatasi chakavu, kimoja.*

"Karatasi gani?"

"Karatasi tu. Ncha ilikuwa imechomoza."

"Ulifungua?"

"Mimi? Nikifungue kwa mikono yangu hii?"

"Kwa hiyo umeandika 'chakavu' bila kuifungua."

Hans alinywa chai iliyokwisha kupoa.

Mtunza stoo ya vielelezo, Mzee Fanuel, alikuwa amemkabidhi Agnela lile kopo saa mbili asubuhi, kisha akafunga na kwenda mahakamani na ufunguo mfukoni. Angerudi jioni. Agnela aliandika: *Kifurushi. Kifunguliwe leo.* Akapiga mstari chini ya neno *leo*.

Hans alikuwa bado amesimama. Agnela alimuuliza nani aliyemwambia kwamba bibi ana dawa ya mifugo.

"Daktari wa zahanati. Ndesanjo. Alipiga simu mwenyewe, alisema mtoto kaletwa kwake kavimba, na bibi ana kopo mkobani. Tulikwenda, tukalikuta."

"Na baada ya kulikuta?"

"Kesi ikaisha," alisema Hans, halafu akakitazama kidole chake.

*

Bibi Naisula alikuwa amekaa sakafuni, mgongo wima, shuka jekundu limefungwa begani. Mahabusu kulikuwa na baridi ya Juni, ile inayoshuka kutoka Meru na kukaa kwenye sementi mchana kutwa. Agnela alikuja na Konstebo Nashipae, binti wa Oldonyo Sambu, kwa sababu ilionekana kwenye jalada kwamba bibi "alikataa kujibu maswali." Maswali yote kumi na mawili yalikuwa yameulizwa kwa Kiswahili.

"Shikamoo, koko," alisema Agnela, akimwita bibi kwa Kimaasai.

Bibi aliitikia. Kisha akasema jambo refu kwa Kimaasai, mkono mmoja ukipanda na kushuka.

"Anauliza kama wewe ndiye mkubwa wa yule aliyemshika mkono mbele ya majirani," alitafsiri Nashipae.

"Mwambie ndiyo, na kwamba nasikitika. Muulize kopo lilikuwa la nani."

La ndama wake wawili, alisema bibi. Nzi wamewaharibu macho. Alilinunua mjini Jumamosi, alitaka kwenda nalo nyumbani, lakini mkwe wake Resiato, mama wa mtoto, alimwomba abaki siku tatu zaidi pale Lemara wanakopanga, kwa sababu macho ya mtoto yalianza tena kutoa uchafu.

Agnela aliinua kalamu. "Tena?"

Nashipae aliuliza. Bibi alimtazama Agnela, si Nashipae, akajibu polepole kama anayemfundisha mtoto.

"Anasema yalimuuma mara ya kwanza akiwa mdogo sana. Wakampeleka zahanati, wakamtia matone, akavimba uso, akawa anakoroma. Muuguzi mmoja akamchoma sindano, akapona siku ileile. Jana daktari kampa matone yaleyale. Anasema Resiato alimuuliza daktari: si ndiyo ile iliyomvimbisha? Daktari akasema ule ulikuwa upepo."

"Mara ya kwanza ilikuwa lini?"

Bibi alijibu kwa maneno machache.

"Kabla hajawa na jina," alisema Nashipae.

"Maana yake?"

"Kwetu, afande, mtoto hazaliwi na jina. Anakaa mwezi, miezi, mpaka siku ya kunyolewa yeye na mama yake, ndipo koko anampa. Huyu alipewa mwishoni mwa Mei. Lengai."

"Kabla ya hapo kliniki wanamwandikaje?"

"Mtoto wa mama yake. Wote tumeandikwa hivyo."

Agnela aliandika, akafunga daftari, akalifungua tena, akaandika mstari mwingine.

"Muulize kwa nini hakumwambia koplo haya jana."

Bibi alijibu kabla Nashipae hajamaliza kutafsiri. Alikuwa amelielewa swali.

"Hakuniuliza," alisema kwa Kiswahili. "Aliniuliza mimi mchawi?"

*

Zahanati ya Ndesanjo ilikuwa na vyumba vinne na bango jipya. Kwenye benchi walikaa kina mama sita, kadi za kliniki mapajani. Derick Ndesanjo, tabibu na mwenye zahanati, alikuwa mtu wa miaka hamsini, koti jeupe limepigwa pasi, tabasamu lililo tayari. Alimpisha Agnela kwenye kiti kizuri.

"Dada Agnela! Nilisikia jina nikajua ni mtu wa nyumbani. Unatoka Rombo au Marangu?"

"Natoka kituoni."

Tabasamu lilipungua kidogo, likarudi. "Kesi ile inasikitisha. Hawa watu wa huko juu, unajua, mtu anaona dawa ya ng'ombe anaona ni dawa tu."

"Mtoto Lengai Simel ulimwona lini kwa mara ya kwanza?"

"Tarehe tatu Juni. Alikuja kuandikishwa. Halafu jana, tarehe kumi na saba, mara mbili: mchana na tongotongo, saa kumi na moja na nusu kavimba."

"Kabla ya tarehe tatu?"

"Sikumfahamu. Wanakuja kliniki wakijisikia."

Agnela aliweka kadi mezani. Ilikuwa safi, haijakunjwa, jina la Lengai Simel juu. Alikuwa ameichukua kwenye jalada.

"Mwandiko ni wako?"

"Wangu."

"Uzito wa kuzaliwa, tarehe mbili Aprili. Chanjo ya siku ya kuzaliwa. Uzito na chanjo za wiki ya sita, tarehe kumi na nne Mei. Uzito wa tarehe tatu Juni. Vyote kalamu moja na mkono mmoja. Mtoto uliyemwona Juni ulimpimaje Aprili?"

"Aa, hiyo." Ndesanjo aliegemea kiti. "Nilinakili kutoka kadi yake ya zamani. Ilikuwa imechakaa, na haikuwa na jina. Wakishapata jina tunawaandikia mpya. Ndiyo utaratibu."

"Ya zamani iko wapi?"

"Nilimwambia mama aitupe."

"Unayo daftari la wagonjwa la Aprili?"

"Lina kazi gani? Hutamkuta Lengai humo."

"Naomba tu niangalie."

Alilileta mwenyewe, akaliweka mbele yake kwa mikono miwili, kama mtu anayeandaa chakula. Agnela alitoa rula mkobani. Alianza tarehe mbili, mstari kwa mstari, rula ikishuka. Ndesanjo alimwita mgonjwa mmoja, akamhudumia chumba cha pili, akarudi. Rula ilikuwa tarehe kumi na tano.

"Utapata shida ya macho, dada, nikupe matone," alisema, akacheka peke yake.

Rula ilisimama tarehe ishirini, mstari wa kumi na moja. Agnela alisoma kwa sauti, bila haraka.

"'Mtoto wa Resiato Yiamat. Siku kumi na nane. Tongotongo. Matone ya macho.' Huu ni mwandiko wako. Chini yake kuna mwingine. 'Saa 5:20 uso na midomo vimevimba, anapumua kwa shida. Sindano ya adrenalini. Saa 8:00 yuko salama. Hanna.'"

Nje mama mmoja alikuwa akimwimbia mtoto wake anyamaze.

"Hanna alikuwa muuguzi hapa," alisema Ndesanjo. "Ana papara. Niliachana naye Mei."

"Mtoto akishindwa kupumua, anayemchoma sindano ana papara?"

"Dada, tuelewane. Dawa ile nimewapa watoto zaidi ya mia tano. Hakuna aliyepata hata kipele. Ni dawa ya kawaida, iko kila duka. Mzio mkali kwa matone ya macho, tena kwa mtoto mchanga, utafanya kazi miaka thelathini usiuone."

"Naamini."

"Sasa?"

"Sasa nauliza habari za huyu aliyeupata."

Ndesanjo alishika kalamu, akaiweka. "Hata kama ni mzio, ni bahati mbaya. Hakuna mtu anayefungwa kwa bahati mbaya."

"Kuna bibi amelala kwenye sementi kwa bahati mbaya hiyo."

"Mimi niliwaambia polisi nilichokiona. Kopo niliona."

"Uliwaambia pia habari za tarehe ishirini Aprili?"

"Ningejuaje?" Sasa sauti ilikuwa imepanda. "Niambie wewe. Kwenye daftari ni Mtoto wa Resiato. Jana kaletwa Lengai Simel. Naona watoto arobaini kwa siku. Ningejuaje kuwa ni mmoja?"

Agnela aliliandika jibu lote, neno kwa neno. Lilikuwa jibu linaloweza kuwa kweli. Majina mawili, kadi mbili, mtoto mmoja. Kosa kama hilo lingeweza kumpata mtu mwangalifu kuliko huyu. Aliacha nafasi chini yake ya mistari mitatu.

"Mama yake anasema jana alikukumbusha."

"Kina mama wanasema mengi."

"Tukio la Aprili liliripotiwa wapi? Kuna fomu za njano kwa ajili hiyo, za madhara ya dawa."

Ndesanjo aliangaza macho mezani. Kitabu cha fomu za njano kilikuwa chini ya chupa ya chai, jalada likiwa na maduara makavu ya vikombe. Agnela aliinua chupa, akakifungua. Kishina cha karatasi moja iliyochanwa kilikuwa bado kimeshikwa na pini, mwanzoni kabisa. Zilizobaki zilikuwa tupu.

"Hii ya kwanza ilikwenda wapi?"

"Sikumbuki. Labda Hanna alifungia sukari." Alisimama, akarekebisha koti. "Mimi nimefanya kila kitu kwa utaratibu. Mtoto nimempa rufaa ndani ya dakika kumi. Barua nimeandika vizuri: tuhuma za sumu ya mifugo, na uvimbe ukishuka waendelee na matone, macho bado yana usaha. Hata chupa nimempa baba yake aende nayo."

Kalamu ya Agnela ilisimama.

"Waendelee na matone?"

Ndesanjo alikuwa amesikia maneno yake mwenyewe.

Ilikuwa saa tisa na dakika ishirini na tano. Agnela alipiga namba ya wodi palepale mezani, sauti ikiwa wazi.

"Sista, ni Sajenti Agnela, yule wa picha. Mtoto Lengai Simel anaendeleaje?"

"Lengai nani?" Karatasi zilipekuliwa. "Hayupo."

"Kaletwa jana jioni. Kavimba uso."

"Afande, nina watoto kumi na wanne hapa. Lengai simwoni. Labda ameruhusiwa, au wodi nyingine."

Ndesanjo alikuwa ameikodolea macho simu. Agnela alikuwa akiutazama mstari wa kumi na moja.

"Sista, tafuta Mtoto wa Resiato."

"Yupo. Kitanda cha tisa. Baba yake alipofika kwa haraka alilitaja jina la mama."

"Leo anapewa nini?"

"Uvimbe umeshuka vizuri. Saa kumi tunaanza tena matone ya macho, ndivyo ilivyoandikwa kwenye rufaa. Chupa ninayo hapa kwenye trei."

"Usiyaweke. Nakuomba uitoe hiyo chupa kwenye trei sasa hivi, tukiwa tunaongea, halafu uniitie daktari."

Kulikuwa na mlio wa kitu cha plastiki kikiwekwa kwenye chuma. Daktari wa wodi, Anande, alikuja simuni akihema. Agnela alimsomea mstari wa Aprili. Alisoma hata saa zilizoandikwa.

"Nilijua," alisema Daktari Anande. "Jana nilimpa adrenalini akaitika mara moja. Sumu haiitiki hivyo. Niliwaambia wenzangu, huu ni mzio. Nikaoneshwa barua: sumu ya mifugo. Nikampigia koplo wenu, akaniambia daktari, lala usingizi, mhalifu tunaye."

"Mara ya pili huwa tofauti na ya kwanza?"

"Ya pili huwa kali zaidi. Ya tatu sitaki kuiona."

"Chupa ifunge kwenye bahasha, weka saini juu ya gundi. Jalada lake liandikwe kwa majina yote mawili."

"Sawa. Na afande, yule bibi mmemwachia?"

"Bado," alisema Agnela, akakata simu. Aliandika hati ya kuchukua daftari la Aprili na kitabu cha fomu za njano, akamgeuzia Ndesanjo asaini. Ndesanjo alisaini mahali pasipo mstari. Ukutani nyuma yake kulikuwa bado kumebandikwa ratiba ya zamu ya Aprili, yenye majina na namba za simu. Agnela alinakili namba ya Hanna.

"Dada," alisema Ndesanjo, Agnela akiwa mlangoni. "Ni kosa la majina tu."

"Huenda," alisema Agnela. "Mpaka sasa sijaona karatasi inayosema vingine."

*

Mzee Fanuel alirudi na ufunguo saa kumi na moja na nusu. Agnela alivaa glavu, akatandaza gazeti juu ya meza ya stoo. Hans alisimama mlangoni, mguu mmoja ndani, mmoja nje.

"Njoo karibu. Utasaini kama shahidi."

"Afande, mimi naona vizuri kutoka hapa."

"Hans."

Alikuja. Agnela alifungua fundo. Nywele zilikuwa laini, kidogo tu, za mtoto, zile alizonyolewa siku aliyopewa jina. Chini yake karatasi ilikuwa imekunjwa mara nne. Mzee Fanuel alisogeza taa.

Ilikuwa kadi ya kliniki. Kona moja ilikuwa imelowa mafuta. Juu iliandikwa: *Mtoto wa Resiato Yiamat.* Uzito wa kuzaliwa ulikuwa uleule wa kadi mpya. Tarehe kumi na nne Mei ilikuwa ileile. Katikati yake, tarehe ishirini Aprili, kulikuwa na mstari ambao kadi mpya haikuwa nao. Na juu ya kadi nzima, kwa wino mwekundu, herufi kubwa za mtu aliyeandika akikandamiza kalamu:

ASIPEWE TENA MATONE HAYA YA MACHO. ALIVIMBA, ALISHINDWA KUPUMUA. HANNA, 20/4.

Jina la dawa lilikuwa chini yake, limepigiwa mistari miwili.

"Mungu wangu," alisema Mzee Fanuel.

Agnela alikuwa akiutazama muhuri. Ulikuwa umegongwa sentimita moja kutoka kwenye wino mwekundu, kiasi kwamba ukingo wake ulikuwa umelala juu ya neno *TENA*. *Imehamishiwa kadi mpya, 3/6.* Kando yake saini ya D. Ndesanjo, kalamu ileile, mkono uleule.

Alifungua daftari kwenye ile nafasi ya mistari mitatu, chini ya maneno *ningejuaje kuwa ni mmoja*, akaijaza. Aliyegonga muhuri ule alikuwa na kadi zote mbili mbele yake, yenye jina na isiyo na jina. Alinakili kila mstari isipokuwa mmoja. Kisha akamwambia mama aitupe.

"Aliisoma," alisema Hans.

"Alinakili kadi nzima. Haiwezekani hakuiona."

"Na jana akanipigia simu mimi." Uso wa Hans ulikuwa umebadilika. "Afande, alinipigia mimi. Nikaenda mbio. Nikamshika bibi wa watu mkono mbele ya mtaa mzima. Na hii ilikuwa humu. Nilikuwa nayo mkononi."

"Ulikuwa nayo."

"Niliogopa nywele."

"Andika hivyo kwenye maelezo yako. Hivyohivyo ulivyosema."

Agnela alimpigia mkuu wa kituo, aliyekuwa kikaoni Moshi. Mkuu alisikiliza yote, akasema kesho saa mbili atakuwa ofisini, atasoma mwenyewe, na kwamba hatoi dhamana kwa simu kwa kesi iliyomhusu mtoto. Agnela aliomba tena. Mkuu alisema kesho. Agnela aliandika muda wa simu na majibu yote mawili.

Halafu alimpigia Hanna. Muuguzi yule sasa alikuwa na kazi kwenye duka la dawa Kikatiti, na kelele za malori ya barabara ya Moshi zilisikika nyuma yake.

"Yuko hai?" ndilo lilikuwa swali lake la kwanza.

"Yuko hai."

Hanna alipenga kamasi. "Fomu ya njano niliijaza siku ileile. Nikampa aipeleke. Akasema nataka kumfungia zahanati. Nilikuwa nimeipiga picha kwanza, afande. Picha ninayo. Na aliponiachisha alisema sababu ni fomu."

"Usinitumie. Nitakuja kuiona kwenye simu yenyewe. Kesho saa nne."

"Njoo hata saa kumi na mbili. Mimi nimengoja tangu Aprili."

*

Agnela na Nashipae walipofika mahabusu walikuta Hans ameshatangulia. Alikuwa ametoka nyumbani kwake mbio na blanketi zito, la rangi ya kahawia, akalipitisha kwenye nondo bila kumtazama bibi machoni. Kidole gumba chake kilikuwa bado bluu.

Nashipae alimweleza bibi yote: kadi, wino mwekundu, muhuri, na kwamba atalala hapa usiku mmoja zaidi kwa sababu mkubwa mmoja hayupo. Bibi Naisula alisikiliza hadi mwisho. Hakuuliza habari za mkubwa. Aliuliza jambo jingine, kwa ukali, na Nashipae akasita kabla ya kutafsiri.

"Anauliza, huko hospitali wanamwitaje mtoto."

"Walimwandika Mtoto wa Resiato."

Bibi alisimama. Alikuja mpaka kwenye nondo, akasema kwa Kiswahili ili Hans naye asikie:

"Ana jina. Mimi nimempa. Kadi nilitunza kwa sababu ni ya huyohuyo. Ninyi mnaosoma, mlishindwa kujua ni mmoja?"

Agnela alirudi mezani kwake. Alitoa fomu moja tupu kwenye kile kitabu cha zahanati, yenye duara la kikombe cha chai pembeni, akainyoosha kwa kiganja. Ilikuwa na maswali mengi: dawa, kipimo, tarehe ya kwanza, tarehe ya pili, nini kilionekana na baada ya dakika ngapi. Hayo ni ya Hanna na Daktari Anande. Hayakuwa yake kuyajibu, na yangengoja mpaka kesho saa nne. Swali la kwanza peke yake aliliweza. Aliandika kwa herufi kubwa, akibana maneno yaenee kwenye mstari uliokuwa mfupi: *Lengai Simel, ndiye Mtoto wa Resiato.*

Kisha akainua simu, akapiga wodini, na kumwomba sista amsomee, neno kwa neno, kile kilichoandikwa sasa juu ya kitanda cha tisa.